Leza inasimama ikidai moto au maji, na hakuna tatizo: anza hapa kabla ya kuunga dairekti

Mkuu, nimekuelewa hivi: mashine yako ndogo ya leza ya dayodi hapo Ngarenaro inapiga kelele na kusimama asubuhi ikidai kuna moto, na ile kubwa ya CO2 (leza ya tyubu ya kioo inayopozwa kwa maji) inagoma kutoa mwanga ikiandika hitilafu ya maji, ilhali maji unayaona yanazunguka. Fundi amekwambia uunge sensa zote dairekti, yaani nyaya zikutane bila kupitia sensa, maisha yaendelee. Subiri kwanza. Mimi pia nachonga kwa leza hapa Arusha, vibao vya hoteli, ngao na vishikio vya funguo vya watalii, na kelele za aina hii nazijua vizuri.

Ya dayodi ni nyepesi. Sensa ile haijui moto ni nini, inapokea tu mwanga wa infraredi, na jua limejaa mwanga huo. Umesema meza inatazama dirisha la mashariki. Basi utashangaa mwezi wa sita na wa saba, mawingu yakifunika mji asubuhi, mashine itatulia kabisa na utadhani imejiponya. Jaribu hivi: ziba dirisha kwa kadibodi, ondoa balbu ya zamani ya waya kama unayo karibu, na usiache bati wala chuma kinachong'aa pembeni ya kazi. Kisha tembeza kichwa bila kuwasha leza. Ikilia hapo, leza haijaunguza chochote, ni mwanga wa nje. Geuza meza au weka pazia zito. Ukilazimika kupunguza ukali wa sensa kwenye programu, punguza kidogo kidogo, na kila ukipunguza washa kiberiti karibu nayo, leza ikiwa imezimwa. Isipolia, umepitiliza.

Kama ujumbe unataja mtikisiko badala ya moto, angalia miguu ya meza tu.

Sasa hiyo kubwa. Kontrola (bodi inayoongoza mashine) nyingi za aina hii ni za kampuni ya Ruida, na pini yake ya maji, WP1, inataka iunganishwe na GND (pini ya hasi) kupitia swichi ya maji. Maji yakipita vya kutosha swichi inafunga, yaani nyaya zinaungana, kontrola inaridhika. Maji yakikosekana, inafunguka. Waya ukikatika, inafunguka vilevile. Ndiyo maana kontrola haiwezi kukutofautishia waya mbovu na maji yaliyokauka, na imetengenezwa hivyo makusudi: ikiwa na shaka, izime.

Kwa hiyo usianze na waya, anza na maji. Kuzunguka hakutoshi, lazima yazunguke kwa nguvu ambayo swichi inaitaka. Tazama mpira uliokunjika, ukungu wa kijani, kichujio kilichoziba, hewa iliyonaswa. Tazama pia saa. Kama inagoma zaidi jioni, pima volti kwenye soketi, maana umeme ukishuka pampu inasukuma kivivu. Hapo alamu si ya uongo hata kidogo, na stebilaiza itakufaa kuliko sensa mpya.

Maji yakiwa sawa, ndipo uchukue mita ya kupimia umeme (multimeter). Zima mashine, chomoa plagi, usubiri, na usiguse kabisa ule waya mnene unaokwenda kwenye tyubu: unabeba maelfu ya volti na unaweza kubaki na chaji. Chomoa nyaya mbili za swichi kwenye kontrola, washa pampu peke yake, weka mita kwenye mlio (inalia nyaya zikiwa zimeungana), kisha tingisha waya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mlio ukikatika katika sehemu moja, umempata mchawi. Mara nyingi ni kwenye konekta au pale waya unapopita kwenye kona ya bodi ya mashine.

Mlio usipokatika, na hitilafu inatokea pale tu tyubu inapowaka, nashuku waya wa sensa umefungwa pamoja na ule mnene na unapata usumbufu wa umeme wake. Zitenganishe. Na ethi je? Fremu nyingi za kupanga mjini zina soketi ya pini tatu ambayo pini ya ethi haijaunganishwa na kitu chochote ardhini. Mwite fundi umeme aipime, hiyo usijipimie kwa kukisia.

Na kama ujumbe unataja mfuniko, kisa ni kifupi: sumaku ya swichi yake imesogea milimita chache, mtetemo unamalizia. Kaza.

Kuunga dairekti kuna matumizi yake moja tu: kuunga kwa muda mfupi, maji yakizunguka na leza ikiwa imezimwa, uone kama ujumbe unaondoka, kisha ukate palepale. Ukiuacha, siku pampu ikigoma tyubu itapasuka kwa joto hakuna aliyekuonya. Kwa mfuniko ndiyo usithubutu, mwanga wa CO2 hauonekani kwa macho lakini macho unayaharibu.

Leta volti za jioni na jibu la mita, tuone pa kwenda.