Unayeanza kufundisha anatomia ya ubongo, simamisha video

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliwaonyesha wanafunzi wa udaktari video ya dakika 20. Ubongo ulizunguka ukutani, njia za neva zikawaka rangi moja baada ya nyingine, darasa zima likatulia. Wiki iliyofuata tuliingia maabara. Niliweka kipande cha ubongo kwenye sinia, nikamwomba mmoja wao anionyeshe kapsula ya ndani, ule mstari mweupe uliojikunja wa nyuzi za neva ndani kabisa ya ubongo. Alishika pini, akaizungusha juu ya kile kipande cha kijivu kinachonuka formalini, kisha akairudisha mezani. Kwenye video ilikuwa ya buluu. Kwenye sinia hakuna cha buluu.

Na kapsula ya ndani si kitu cha kuacha. Kiharusi kidogo tu pale kinaweza kupoozesha uso, mkono na mguu wa upande wa pili.

Tangu siku ile sipitishi dakika 3 za video bila kuisimamisha. Kabla sijaiwasha, kila mwanafunzi anakuwa na karatasi yenye michoro mitupu ya ubongo, shina la ubongo na uti wa mgongo. Tunaifuata njia ya mwendo kutoka juu hadi medula, yaani sehemu ya chini ya shina la ubongo, nasimamisha, nauliza: sasa inaelekea upande gani? Wachore kwanza, ndipo tuendelee, waone kwamba nyuzi nyingi huvukia upande wa pili hapo, kwenye sehemu ya chini ya medula. Kisha njia ya maumivu, ambayo huvuka mapema, ndani ya uti wa mgongo, karibu na pale ilipoingilia. Ya tatu ni ya mtetemo: hii hupanda upande uleule mpaka medula ndipo ivuke. Rangi tatu zikishakaa kwenye karatasi, waambie wakate nusu ya uti wa mgongo kwa penseli, waseme mgonjwa atapoteza nini na upande gani. Usiwape jibu haraka. Wakishafika wenyewe, watajie Brown-Séquard, daktari aliyezaliwa Port Louis, Morisi, mwaka 1817. Hali hiyo inaitwa kwa jina lake.

Jambo linalowachanganya kuliko yote, na walimu wengi hulipita kimya, ni upande wa kutazamia. Picha ya CT, inayoonyesha mwili kama umekatwa vipande, husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa, kwa hiyo kulia kwake kuko kushoto kwako. Shina la ubongo ndilo baya zaidi: michoro mingi ya vitabu vya anatomia huweka mgongo wa shina (upande wake wa nyuma) juu, lakini picha ya MRI, ya kipimo cha sumaku, huweka upande wa mbele juu. Mwanafunzi anaona vitu viwili tofauti, kumbe ni kitu kimoja kilichopinduliwa. Mimi huchapisha mchoro, naugeuza mkononi mbele yao juu chini, kisha nauweka kando ya picha ya MRI. Inachukua nusu dakika, na utasikia darasa likisema “aaah”.

Kwa vipande halisi visivyopakwa rangi, tafuta picha za Visible Human, za miili halisi iliyokatwa vipande vyembamba, za Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, zinapatikana bure. Picha za mwili wa mwanamume, uliokatwa kila milimita 1, zilitolewa mwaka 1994. Za mwanamke, kila milimita 0.33, zilifuata mwaka 1995. Pakua mapema chache unazohitaji, uwagawie kwa flashi. Usimtegemee mwanafunzi awe na bando.

Video za wagonjwa zinafundisha sana, ila pata ridhaa ya maandishi kwanza, tena isiyo na shinikizo. Na mwili wa marehemu haupigwi picha kwa simu, hata iwe kwa nia njema. Lisemeni hilo siku ya kwanza.

Robo saa ya mwisho irudisheni kwenye sinia. Zima projekta. Mpe pini yule aliyekaa nyuma, aanze na talamasi, lile fungu la kijivu katikati ya ubongo, atoke nje taratibu mpaka afike kwenye ule mstari mweupe uliojikunja, aseme kwa sauti kinachopita pale.