Maswali ya Wapiga Picha wa Mwisho wa Wiki

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wenye ajira nyingine, wanaopiga picha za watu jioni na siku za mapumziko. Ukizisoma kwa pamoja unaona kinachowabana ni muda. Kosa la nusu dakika mbele ya mteja hulipwa kwa usiku mzima mbele ya kompyuta. Kwa hiyo majibu yetu yanarudi mara kwa mara kwenye mambo ya kufanya kabla kidole hakijabonyeza kitufe.

Nina lenzi ya 50 mm yenye f/1.8 (tundu pana la kupitishia mwanga). Nyuma kunafifia vizuri sana, lakini nikiikuza picha naona masikio yako wazi na macho yana ukungu. Je, lenzi ni mbovu?

Yaelekea lenzi ni nzima. Kwa kamera yenye sensa (sehemu inayopokea mwanga) ya ukubwa wa kati iitwayo APS-C, lenzi ya 50 mm ikiwa f/1.8 na mtu yuko mita 1 mbele yako, sehemu inayotoka wazi ina kina cha sentimita 3 hivi. Kutoka jicho hadi sikio ni mbali kuliko hapo. Mteja akiinama kidogo tu, au wewe ukiyumba unapovuta pumzi, jicho limeshatoka nje ya eneo hilo.

Rudi nyuma hadi mita 1.5 na upunguze tundu la lenzi hadi f/4 (namba ikikua, tundu linapungua). Sasa una kina cha sentimita 14 hivi, na uso wote unaingia. Nyuma kutaendelea kufifia ukimsogeza mteja mita 2 au 3 kutoka ukutani; umbali huo unafanya kazi ambayo wengi wanaiachia f/1.8 peke yake. Kisha chagua nukta moja ya fokasi (mahali kamera inapolenga ili patoke wazi), iweke juu ya jicho lililo karibu na kamera, na upige bila kuizungusha kamera. Wanaofunga fokasi kwenye jicho halafu wakapanga picha upya huwa wanaipoteza bila kujua, kwa sababu kamera ikigeuka eneo lililo wazi nalo linahama. Kama kamera yako ina fokasi inayofuata macho, iwashe.

Kabla ya kuilaumu fokasi, chunguza jambo moja. Kama hakuna chochote kilicho wazi katika picha nzima, tatizo ni mtikisiko. Kwa mtu mzima aliyetulia, kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) isishuke chini ya 1/125 ya sekunde. Kwa mtoto anza na 1/250. Mwanga ukipungua, pandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) bila woga. Picha yenye chembechembe inasafishika, yenye mtikisiko haina dawa.

Sina taa za studio. Sebule yangu ina dirisha moja kubwa. Naweza kupiga picha za kulipwa hapo?

Unaweza, na tunakushauri usinunue taa yoyote mpaka umelizoea dirisha hilo. Taa ndogo ya bei nafuu humpa mtu kivuli kikali chini ya pua na kidevu, wakati dirisha kubwa linakizungushia uso mwanga laini bila gharama.

Anza kwa kuzima taa zote za ndani. Balbu ya manjano ina mwanga wa kama 2,700 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) na mwanga wa mchana uko karibu na 5,500 K; ukiacha vyote viwili, upande mmoja wa uso utakuwa wa rangi ya chungwa na mwingine wa bluu, na hakuna marekebisho ya rangi yatakayouridhisha uso wote kwa pamoja. Jua likiingia moja kwa moja, tandaza pazia jepesi jeupe. Likiwa la rangi, rangi hiyo itaishia kwenye ngozi.

Mketishe mteja mita 1 hadi 1.5 kutoka dirishani, mwili ukiwa umegeuka nusu kuelekea kwenye mwanga. Wewe simama ubavuni mwa dirisha, usiuzibe mwanga kwa mgongo wako. Upande wa pili wa uso weka ubao mweupe, hata kadibodi iliyobandikwa karatasi nyeupe, wa kama sentimita 60 kwa 90. Usogeze hadi kivuli kilainike, lakini usikimalize. Uso usio na kivuli hata kidogo hutoka bapa kama sahani. Tazama ndani ya macho: lazima uone nukta nyeupe ya dirisha sehemu ya juu ya mboni. Usipoiona, mteja ameinamisha uso au ameligeuzia dirisha mgongo. Mwombe ainue kidevu au mgeuze kidogo.

Mwenye miwani anataka subira zaidi. Mng'aro kwenye vioo unatokana na pembe, kwa hiyo mwambie ashushe kidevu kidogo, au inua mikono ya miwani milimita chache juu ya masikio ili vioo viiname kuelekea chini. Kuivua miwani ni hatua ya mwisho, maana kwa watu wengi miwani ni sehemu ya sura yao.

Kuhusu mkao: mwombe asogeze paji la uso mbele kidogo, kisha ashushe kidevu kidogo tu. Anapofanya hivyo ataona ni kitu cha ajabu, ila kwenye picha shingo inajitenga na kidevu. Usimwambie "tabasamu", tabasamu la kuagizwa hupoa kabla hujabonyeza. Muulize jambo analolipenda, na uwe tayari anapomaliza kujibu, si anapojibu, kwa sababu mdomo unaozungumza hutoka umepinda.

Nilipiga familia ya watu sita, wengine weusi sana, wengine weupe. Nikiwang'arisha weusi, weupe wanaungua (nyuso zinatoka nyeupe tupu). Nifanye nini?

Swali hili linastahili nafasi kubwa, kwa sababu makosa yake yanawaumiza watu. Mtu anayepokea picha ambamo uso wake umegeuka kivuli, na ndugu zake wote wanaonekana, hasahau.

Fahamu kwanza kamera inavyofikiri. Kipima mwanga chake hukisia kwamba kilichoko mbele yake kina ung'avu wa wastani, ule wa kijivu. Ukimpiga mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Uso huohuo ukiujaza kwenye fremu nzima, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na ngozi inatoka ya kijivujivu iliyopauka. Kwa hiyo usiiachie kamera uamuzi. Kwa ukuta mweupe, tumia kitufe chenye alama ya +/− na uongeze mwanga kati ya hatua 0.7 na 1.3. Kwa uso mweusi uliojaa fremu, punguza 0.3 hadi 0.7. Piga moja ya majaribio, kuza uso kwenye kioo cha kamera, kisha endelea.

Kwa kundi, mpangilio ndio dawa. Weka wenye ngozi nyeusi zaidi upande wa chanzo cha mwanga na wenye ngozi nyeupe mbali nacho. Kwa taa ndogo, mtu aliye mita 1.4 anapata karibu nusu ya mwanga anaoupata aliye mita 1, hivyo hatua moja ya kusogea inaweza kusawazisha nyuso mbili. Kwa dirisha kubwa mwanga hupungua polepole zaidi, ila kanuni inabaki ileile. Pima kwa uso wa mtu mweupe kuliko wote, uhakikishe haujaungua, kisha vuta vivuli vya wengine wakati wa kuhariri. Kwa kazi hiyo piga faili ghafi za RAW, maana JPEG, faili iliyobanwa, ikivutwa sana vivulini inatoa madoa na mistari.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'aro wake, kuliko kwa kumwagiwa mwanga mwingi. Chanzo kikubwa kilichowekwa pembeni huacha mng'aro mrefu, laini, kwenye shavu, pua na paji la uso, na hapo ndipo umbo la uso linaposomeka. Fleshi ndogo iliyo juu ya kamera huacha nukta ndogo kali zinazoonekana kama jasho. Mafuta yakizidi, bonyeza karatasi laini juu ya ngozi bila kusugua. Usipake poda iliyo nyeupe kuliko ngozi. Mbele ya fleshi itageuka jivu. Na kwenye programu ya kuhariri, usimng'arishe mtu kupita alivyo. Rangi yake ndiyo sura yake.

Natumia fleshi nje, na mara nyingi chini ya picha kunatokea ukanda mweusi. Fleshi inaharibika?

Hapana, shata yako ina kasi kuliko fleshi inavyoweza kufuata. Shata ina mapazia mawili: la kwanza linafungua, la pili linafunga. Ukipita kasi ya ulinganifu, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza. Fleshi inawaka kwa kitambo kidogo sana, na hapo sehemu ya sensa imeshafunikwa. Ukanda mweusi ni kivuli cha pazia.

Shuka hadi 1/160, ambayo ni salama hata kwa vifaa vya kuwasha fleshi kwa mbali vinavyochelewa kidogo. Picha ikiwa nyeupe mno, weka ISO 100, punguza tundu hadi f/8, au mhamishie mtu kivulini. Fleshi yenye hali ya kasi ya juu itaondoa ukanda, lakini nguvu yake hupungua sana, nawe utalazimika kuisogeza karibu.

Kwa nini pua zinatoka kubwa nikipiga kwa simu?

Ni umbali. Ukiwa sentimita 40 kutoka usoni, pua iko karibu na lenzi kuliko masikio kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo inakuzwa. Simama mita 1.5 au zaidi, tumia lenzi ya simu inayovuta mbali kama ipo, au kata picha baadaye. Utapoteza pikseli kadhaa na kumrudishia mtu uso wake.

Nafanya kazi ya ofisi wiki nzima. Nimekubali vipindi vitatu kila Jumamosi na sasa nadaiwa picha za mwezi mzima. Nimekosea wapi?

Umehesabu saa za kupiga tu. Chukua kipindi kimoja cha dakika 60. Ongeza dakika 60 za safari, 30 za kujibu ujumbe, 40 za kunakili na kuchagua, halafu picha 20 kwa dakika 6 kila moja, yaani dakika 120, na 15 za kutuma. Jumla ni dakika 325, karibu saa tano na nusu. Vipindi vitatu ni zaidi ya saa 16. Jumamosi moja haina nafasi hiyo.

Chukua kipindi kimoja, au viwili ukiwa na Jumapili ya kuhariri, na upange bei kwa saa zote tano na nusu. Kabla ya siku yenyewe mwandikie mteja: idadi ya picha atakazopata, tarehe ya kuzipokea, mara ngapi anaweza kuomba marekebisho, na malipo ya awali yanayoishikilia tarehe hiyo. Andika hata kama ni rafiki, hasa kama ni rafiki. Kama kuna mtoto, pata ruhusa ya mzazi kabla ya kuionyesha picha popote.

Katika kuchagua, pita mara ya kwanza ukitupa tu: macho yaliyofumba, ukungu, mdomo uliopinda. Pita mara ya pili ukitia alama. Usihariri chochote kabla ya mzunguko wa pili kuisha. Chunusi ondoa, kesho haitakuwepo. Alama ya kuzaliwa au kovu acha, mpaka mwenyewe aombe.

Nimefuta kadi kabla ya kunakili. Zimekwenda?

Bado, ikiwa hujapiga tena. Itoe kadi sasa hivi, na kama ni SD telezesha kile kifungo kidogo cha pembeni kuizuia isiandikwe. Mara nyingi kufuta huondoa orodha ya faili tu, picha zenyewe zinabaki hadi nyingine ziandikwe juu yake. Tumia programu ya kurejesha faili kwenye kompyuta, na hifadhi kinachopatikana kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo. Kuanzia leo kadi isifutwe hadi picha ziwe sehemu mbili tofauti, mojawapo nje ya nyumba yako.

Mteja amechapisha picha ya sentimita 20 kwa 25 na kichwa cha baba kimekatwa. Kosa la nani?

La uwiano wa pande za picha. Kamera nyingi hutoa picha ya 3:2, na karatasi hiyo ni 4:5, kwa hiyo sehemu moja kati ya sita ya urefu inakatwa. Acha nafasi juu ya vichwa na chini ya mikono unapopiga, au mkatie mteja faili mwenyewe kwa kila ukubwa alioagiza. Kwa ukubwa huo mpe takriban pikseli 2,400 kwa 3,000, rangi ikiwa sRGB, mpangilio wa kawaida wa rangi. Usiitume kama picha ya kawaida kwenye programu za ujumbe, kwa sababu huipunguza; itume kama faili. Na kama chapa zinatoka na giza wakati kwenye kioo zilionekana sawa, punguza mwanga wa kioo cha kompyuta yako kabla ya kuhariri nyingine.