Jumla ya mauzo imegeuka hasi baada ya bilioni mbili. Kulikoni?

SWALI: Natunza programu ya mauzo ya duka la jumla Kariakoo. Jumla ya mwaka ilipanda vizuri mpaka ikapita bilioni mbili, halafu ghafla skrini ikaonyesha −2,094,517,296. Tajiri ananitazama kwa jicho baya. Rafiki yangu anasema kikomo ni 2,147,483,647, tena ni namba tasa. Ilichaguliwa kwa sababu hiyo? Na mtu anajuaje kuwa namba kubwa hivyo ni tasa?

JIBU: Tuanze na tajiri: hela haijapotea. Chukua hiyo hasi, ongeza 4,294,967,296, yaani 2³². Utapata 2,200,450,000, na hiyo ndiyo jumla halisi ikiwa imepinduka mara moja tu. Jumlisha upya risiti za kila siku, umwonyeshe.

Int, yaani aina ya namba kamili kwenye programu, ya biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1) huacha biti moja kwa ajili ya hasi na chanya. Zinabaki 31, kwa hiyo mwisho wake ni 2³¹ − 1. Ongeza shilingi moja juu yake, inarukia −2,147,483,648. Kwenye programu weka long, kwenye hifadhidata weka BIGINT, zote ni za biti 64. Kagua na tarehe pia: mfumo unaohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 utagonga kikomo hichohicho Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Dar.

Utasa wake haukuchaguliwa na mtu, umetokea tu. Kikomo cha biti 16 ni 32,767, nacho ni 7 × 31 × 151. Kikomo cha long, 2⁶³ − 1, kinagawanyika kwa 7. Kanuni ni kwamba kwenye namba za aina ya 2ⁿ − 1, kipeo n kisipokuwa tasa, namba yenyewe haiwi tasa. 63 inagawanyika kwa 3, basi 2³ − 1, ambayo ni 7, lazima iigawanye. 31 ni tasa, ila hilo peke yake halitoshi: 11 nayo ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, sawa na 23 × 89.

Aliyethibitisha kuwa 2³¹ − 1 ni tasa ni Euler, mwanahisabati Mswisi, mwaka 1772, kwa kalamu na karatasi. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni kama 46,340, na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Kuzijaribu zote kwa mkono ni adhabu. Lakini kigawo chochote tasa cha 2³¹ − 1 lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, na kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Masharti hayo mawili yanafyeka karibu kila kitu. Namba za kujaribu hazifiki 400. Uzuri wa kazi yake uko hapo kwenye kupunguza, kugawanya kwenyewe ni uvumilivu tu.

Unaweza kurudia mwenyewe. Andika mzunguko unaogawanya 2³¹ − 1 kwa 63, 249, 311, 497 na kuendelea, ukiruka 186 kisha 62 kwa zamu, hadi 46,340. Kompyuta ya dukani itazimaliza papo hapo, na kila mgawanyo utaacha baki.