Maswali na majibu: Nani mwenye kauli kwenye blokicheni?

Barua za safari hii nimezichuja. Zilizouliza bei ya Bitcoin itafika wapi nimeziweka kando kama kawaida, maana safu hii haiuzi utabiri. Zilizobaki zinahusu jambo ambalo wenye sarafu wengi hawalijali mpaka siku litakapowafika: nani anaamua programu zinazoendesha blokicheni (daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi bila benki katikati) ziweje, na anaamua kwa njia gani.

Shikamoo. Naomba anwani ya mwenyekiti au meneja wa Bitcoin. Muamala wangu umekwama tangu juzi. (Mwanza)

Marahaba. Hayupo. Swali hili linakuja kila mara, na kila mara nahofia kwamba kabla ya kuniandikia mimi, msomaji amekwishamwandikia tapeli. Bitcoin haina huduma kwa wateja, haina tawi, haina namba ya WhatsApp. Anayejitambulisha hivyo na kukuomba yale maneno 12 au 24 ya kurejeshea pochi ni mwizi, usimjibu hata salamu. Muamala uliokwama kwa kawaida umewekewa ada ndogo. Tafuta kwenye pochi yako sehemu ya kuongeza ada, au subiri.

Kuhusu uongozi: Satoshi Nakamoto, jina la mwanzilishi wa Bitcoin asiyejulikana, alitoa waraka wake Oktoba 2008, akauwasha mtandao Januari 2009, na kufikia 2011 alikuwa amekwishajitoa. Gavin Andresen akashika usukani, kisha 2014 akamwachia Wladimir van der Laan. Mei 2016 Andresen alitangaza kwamba anaamini dai la Mwaustralia Craig Wright kuwa ndiye Satoshi. Wenzake wakamwondolea mara moja uwezo wa kuingiza msimbo, yaani maandishi ya programu, na walifanya vyema: Machi 2024 Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba Wright si Satoshi. Van der Laan naye alirudisha funguo zake 2023. Wote hao wameondoka, na bloku, yaani mafungu ya miamala, zinaendelea kutoka kila dakika kumi hivi.

Unasema hakuna mkuu, lakini wapo wachache wenye funguo za GitHub, tovuti unakohifadhiwa msimbo, wanaoamua msimbo upi uingie. Hao si ndio serikali yenyewe? (Mombasa)

Hili ndilo swali la maana kuliko yote ya leo. Watunzaji wa Bitcoin Core, programu kuu ya Bitcoin, wanaweza kuchapisha toleo jipya, ila hawawezi kumlazimisha mtu kuliweka. Programu ile haijisasishi yenyewe, na iliachwa hivyo kwa makusudi. Kila mwenye nodi, yaani kompyuta inayoendesha programu hiyo na kukagua miamala, huamua mwenyewe aendeshe nini.

Tazama yaliyotokea kati ya 2015 na 2017. Kikomo cha bloku cha megabaiti 1 kiliwekwa na Satoshi mwenyewe 2010. Bloku zilipoanza kujaa, Andresen na msanidi mwenzake Mike Hearn wakatoa Bitcoin XT, programu mbadala yenye bloku za megabaiti 8. Haikupata wafuasi wa kutosha. Wasanidi wa Core wakaja na SegWit, badiliko la mpangilio wa data za miamala ili bloku ibebe zaidi, lililohitaji wachimbaji (wenye mashine zinazotengeneza bloku) walio na asilimia 95 ya nguvu ya mashine waashirie kukubali, likakwama miezi na miezi. Mei 2017 wakubwa wakakubaliana New York: kampuni 58 kutoka nchi 22, pamoja na wachimbaji wenye asilimia 83 ya nguvu yote. SegWit kwanza, kisha bloku za megabaiti 2. Humo mlikuwa na masoko ya sarafu, watengeneza pochi na wenye mashine. Magazeti ya biashara yakaandika kana kwamba mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Msanidi mmoja aliyejiita Shaolinfry alikuwa amependekeza BIP 148 (BIP ni pendekezo rasmi la kuboresha Bitcoin): kuanzia 1 Agosti 2017, nodi za watumiaji zikatae bloku yoyote isiyoashiria SegWit. Watu wa kawaida wakaanza kuiendesha majumbani. Mchimbaji ambaye bloku zake zinakataliwa anachoma umeme bure, na hakuna aliyejua ni wangapi wangekataa. Kabla ya tarehe kufika, wachimbaji wakaashiria. SegWit ikaanza kufanya kazi 24 Agosti. Waliotaka bloku kubwa wakajitenga na kuanzisha sarafu yao, Bitcoin Cash, na hiyo ilikuwa haki yao kamili. Ile nusu ya pili ya makubaliano ya New York ilifutwa 8 Novemba kwa barua pepe, waandaaji wakikiri kwamba maafikiano hayakupatikana.

Kwa hiyo mwenye kauli ni yule anayeweza kukataa, na kukataa kwake kukamgharimu mwingine. Ukiacha sarafu zako kwenye soko la sarafu, umelikabidhi soko hilo sauti yako. Endesheni nodi zenu. Kupakua historia nzima ni zaidi ya gigabaiti 600, kwa hiyo usijaribu kwa bando la simu, tafuta mahali penye faiba. Ukishamaliza kuikagua unaweza kuhifadhi bloku za karibuni tu, na diski ndogo itatosha.

Wachimbaji wakiungana na kupata asilimia 51, si wanaweza kuondoa kikomo cha sarafu milioni 21? (Nakuru)

Hapana. Wanaweza kuzuia miamala na kugeuza ya karibuni, lakini bloku yenye sarafu za ziada hukataliwa na kila nodi inayofuata kanuni, hata iwe na nguvu kiasi gani nyuma yake.

Mwaka 2016 Ethereum iligeuza wizi wa The DAO. Mwaka 2018 wakakataa kurudisha pesa zilizofungwa kwenye pochi za Parity. Haki iko wapi? (Dar es Salaam)

Ethereum ni blokicheni nyingine, na sarafu yake ni etha. The DAO ulikuwa mfuko wa humo uliokusanya takribani dola milioni 150, ukashika karibu asilimia 14 ya etha zote zilizokuwepo. Tarehe 17 Juni 2016 mtu alitumia kasoro ya msimbo wake na kuchota etha milioni 3.6. Masharti ya mkataba yalizuia pesa zile zisitoke kwa wiki kadhaa, na muda huo ndio uliowapa watu nafasi ya kubishana. Tarehe 20 Julai, kwenye bloku namba 1,920,000, mtandao ukabadilishwa na pesa zikarudi kwa wenyewe. Waliokataa wakabaki na mnyororo wa zamani, ndio unaoitwa Ethereum Classic.

Parity, kampuni iliyotengeneza programu ya pochi za Ethereum, ilikuwa habari nyingine. Novemba 2017 mtumiaji mmoja alifuta kwa bahati mbaya sehemu ya msimbo iliyotegemewa na mamia ya pochi, na etha zaidi ya 513,000 zikafungwa humo. Pendekezo la kuzifungua, EIP-999, lililetwa Aprili 2018 na waliokuwa wameumia wenyewe. Lilipigwa vita mpaka likaachwa.

Haki unayoitafuta, ya kesi mbili kuamuliwa kwa kipimo kimoja, haikuwepo, kwa sababu hapakuwa na kipimo kilichoandikwa. Mwaka 2016 walioguswa walikuwa wengi, wakiwemo watu wa karibu na mradi. Mwaka 2018 walioguswa walikuwa wachache, na jamii ilikuwa imekwishaonja uchungu wa kugawanyika. Mimi naona uamuzi wa 2018 ulikuwa sahihi na ule wa 2016 haukuwa. Kura ya wenye etha iliyoitishwa 2016 ilipigwa na sehemu ndogo mno ya sarafu zote, kwa siku chache, halafu ikatajwa kama sauti ya umma. Mradi wowote unaotaka kuheshimiwa uandike mapema, kabla ya balaa, ni mambo gani hautayagusa kamwe.

Tuko vijana sita, tunaandika programu huria ya mikopo kwenye blokicheni. Tunataka kutoa tokeni ya utawala, kila tokeni kura moja, ili mradi uwe wa kidemokrasia. Ushauri? (Arusha)

Msitoe. Hebu fikirini VICOBA. Mwanachama hununua hisa, na hisa zina kikomo kila kikao, lakini kwenye uamuzi kila mtu ana mkono mmoja, na sanduku lina kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu tofauti. Akina mama wa kijijini walikwishaona kwamba ukiruhusu hisa zipige kura, siku moja atakuja mwenye pesa na kuununua mkutano mzima. Tokeni ya utawala inafuta ulinzi huo wote.

Mifano haikosekani. Februari 2020 Justin Sun, mwanzilishi wa blokicheni ya Tron, aliinunua kampuni ya Steemit, iliyokuwa na rundo kubwa la sarafu za mtandao wa Steem. Wathibitishaji wa mtandao huo, waliochaguliwa kwa kura za wenye sarafu, wakazizuia sarafu hizo zisipige kura. Machi, masoko ya Binance, Huobi na Poloniex yakapiga kura kwa sarafu za wateja wao, wathibitishaji wale wakang'olewa. Wateja hawakuulizwa. Jamii ikahama na kuanzisha mtandao wake, Hive, tarehe 20 Machi.

Tarehe 17 Aprili 2022 ikaja zamu ya Beanstalk, mradi wa sarafu uliotawaliwa kwa kura za tokeni. Mshambuliaji alichukua mikopo ya papo hapo ya takribani dola bilioni moja, akapata theluthi mbili ya kura, akapitisha pendekezo lake la dharura, akarudisha mkopo, yote ndani ya muamala mmoja. Mradi ulipoteza dola milioni 182. Na Arbitrum, mtandao uliojengwa juu ya Ethereum, mwishoni mwa Machi 2023 iliwaita wenye tokeni kupigia kura pendekezo la kuupa wakfu wake tokeni milioni 750, kumbe baadhi zilikuwa zimekwishaanza kutumika. Wakfu ulijitetea kwamba kura ile ilikuwa ya kuidhinisha lililokwishafanyika. Watu wakakasirika, na walikuwa na haki.

Sasa ninyi sita, fanyeni hivi. Andikeni katika ukurasa mmoja nani ana funguo za kuingiza msimbo, sahihi ngapi zinahitajika kutoa toleo, na mtu akiondoka funguo zake zinafutwa lini. Kila badiliko linalogusa pesa za watu lisubiri siku kadhaa hadharani kabla ya kuanza, ili asiyelitaka apate muda wa kutoa pesa zake. Tokeni ikibidi miaka ijayo, iwekeeni akidi, na kura ihesabiwe kwa sarafu zilizokuwa mkononi kabla pendekezo halijatolewa. Mkiona mwekezaji anawaharakisha kuhusu tokeni kabla programu haijapata watumiaji, jueni anatafuta mahali pa kuuzia.

Pendekezo langu limepewa namba ya BIP. Litaanza kutumika lini? (Kampala)

Huenda lisitumike kamwe. Namba inaonyesha tu kwamba limeandikwa kwa utaratibu, basi. Taproot, badiliko jingine la Bitcoin, ilitajwa hadharani Januari 2018 na wasanidi wanaoheshimika, na haikuanza kufanya kazi mpaka 14 Novemba 2021.

Niendeshe Bitcoin Core au Knots? Nimeulizia hili mara tatu. (Muscat)

Na mara tatu hujasema unataka nini. Ugomvi ni huu: toleo la 30 la Core, la Oktoba 2025, liliondoa kikomo cha zamani cha baiti 80 kwa data zinazobebwa ndani ya OP_RETURN, sehemu ya muamala ya kuwekea data za ziada, na waliochukizwa wakahamia Knots, programu mbadala ya nodi inayotunzwa na Luke Dashjr. Hiyo ni sera ya kupitisha miamala. Kanuni za bloku ipi ni halali hazikubadilika, kwa hiyo nodi zote mbili zinafuata mnyororo mmoja. Wanaokuambia Bitcoin imepasuka wanakudanganya.

Nafurahi watu wana chaguo na wanalitumia. Linalonitia wasiwasi ni programu kumtegemea mtunzaji mmoja, hata awe hodari namna gani. Nodi zikitofautiana kwa bahati mbaya hata kwenye jambo dogo, mnyororo hukatika: Machi 2013 toleo la 0.8 lilibadilisha hifadhidata, likakubali bloku ambayo toleo la 0.7 liliikataa, na ikabidi wachimbaji wabembelezwe usiku ule warudi kwenye toleo la zamani. Uwezo wa kukagua ni hazina kuliko rangi ya timu.

Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta. Naweza kuchangia bila kuwa bingwa, na nani atanilipa? (Dodoma)

Unaweza, na anzia kwenye kukagua kazi za wengine. Wanaoandika msimbo mpya ni wengi, wanaousoma wa wenzao ni haba. Kasoro iliyoingia Bitcoin Core na toleo la 0.14 la 2017, ambayo kuanzia toleo la 0.15 la mwaka huo huo ingemwezesha mchimbaji kutengeneza sarafu kutoka hewani, ilikaa mwaka mmoja na nusu mbele ya macho ya wote. Aliyeigundua Septemba 2018 alitoka upande wa Bitcoin Cash, wale wale waliokuwa wakitukanwa kila siku, na aliiripoti kimya kimya ili irekebishwe. Kumbuka hilo kabla ya kujiunga na matusi.

Mwaka huo huo mtunzaji aliyechoka wa maktaba ndogo ya msimbo iitwayo event-stream alimwachia kazi mgeni aliyejitolea kusaidia. Mgeni akapenyeza msimbo wa kuiba bitcoin kutoka pochi ya Copay. Maktaba ile ilikuwa ikipakuliwa mara mamilioni, na hakuna aliyekuwa akimlipa mtunzaji. Kampuni zinazotajirika kwa programu hizi zina deni hapa na hazijalilipa ipasavyo.

Malipo yapo, machache. Brink na Chaincode hufadhili wasanidi wa Bitcoin, Ethereum ina wakfu wake, na kwa Afrika ipo Btrust, iliyoanzishwa kwa bitcoin 500 za Jack Dorsey na Jay-Z mwaka 2021. Wote huangalia kwanza kazi uliyokwishafanya. Pakua msimbo, ujenge mwenyewe, endesha majaribio, chagua ombi moja dogo la mabadiliko, ulisome mstari kwa mstari na uandike ulichokiona, hata kama ni kwamba maelezo yake hayaeleweki.

Inahitajika shahada? (Bukavu)

Hapana. Hata jina halisi halihitajiki.