Kimea kwenye uji wa mtoto: nilivyokosea mara mbili mpaka nikapatia

Mwenye mtoto anayekula vijiko vitatu vya uji halafu anabana mdomo na kugeuza shingo, hii ni yako. Wangu alipofika miezi nane uzito ukagoma, kwenye kadi ya kliniki ule mstari umelala tu kama kamba ya kuanikia nguo, na mie uji nampa kila siku, tena wa ulezi. Shida nikiupika mzito hawezi kuumeza, nikiongeza maji unashuka vizuri ila sasa ni maji, tumbo lenyewe la mtoto lina nafasi gani, akinywa kikombe ameshiba kumbe unga kala kiduchu.

Nesi akaniuliza, "Mama, kimea unakijua?" Nikacheka. Mie mtu wa Tanga nimeolewa Uchagani, kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa na kusagwa, nilikuwa nakijua cha mbege tu, ile pombe ya Wachaga! Na mama mkwe aliposikia ndo usiseme, "Unataka kumlewesha mjukuu wangu?" Nikamwambia mama hapana, pombe inataka chachu na inataka siku, sisi tunaazima ile hatua ya kwanza tu halafu tunaikatisha.

Sasa hiyo hatua yenyewe ndo tamu. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari zimeshikana, ukiupika unavimba unanyonya maji, ndo maana uji unakuwa mzito. Mbegu ya ulezi imeweka huo wanga kama akiba lakini mche mchanga hauwezi kuula hivyo hivyo, kwa hiyo mbegu ikishalowa ikaanza kuota inatengeneza kimeng'enya kinaitwa amilesi ambacho kazi yake ni kukata mnyororo vipande vipande. Na kila kinapokata kinatumia molekuli moja ya maji, inapasuka, kipande kinabaki huku na kingine kule, ndo maana ukoo huu wote wa vimeng'enya unaitwa haidrolesi, yaani vinakata kwa maji. Mwenyewe unavyo kibao mwilini, vya kukata nyama, vya mafuta, vya sukari ya maziwa, hata mate yana amilesi. Huamini tafuna tonge la ugali mtupu dakika mbili usimeze, utasikia linaanza kuwa tamu. Wafaransa wawili, Payen na Persoz, mwaka 1833 walikichomoa hiki cha nafaka kwenye shayiri iliyooteshwa wakakipa jina, bibi zetu hawakuwa na jina, walikuwa na mtungi.

Basi nikatengeneza. Ulezi unauosha, unauloweka usiku mmoja, unachuja, unautandaza kwenye kitambaa kibichi unaufunika siku mbili tatu huku unanyunyizia maji, ukishatoa vimizizi unaanika juani mpaka ukauke kabisa, unausugua mikononi vimizizi vidondoke, unapepeta, unasaga. Ukiona ukungu au harufu ya uvundo mwaga wote, usionee huruma nusu kilo ya ulezi, sumukuvu haitoki kwa kupika.

Kosa la kwanza: nilikimwaga kwenye uji unatokota. Nikakoroga weee mpaka mkono ukachoka, hamna kitu, uji mzito vilevile, nikaona nesi kanidanganya. Kumbe kimeng'enya ni protini, moto wa kuchemka unakiharibu kabla hakijafanya kazi, kama yai likishaiva halirudi kuwa bichi.

Mara ya pili nikapika uji mzito kabisa, mwiko unasimama, nikaepua, nikauacha upoe mpaka naweza kuuonja bila kuungua ila bado wa moto, ndo nikaweka kijiko kimoja cha chai cha kimea kwenye bakuli. Mwanzoni unaona kama hakuna jipya. Halafu unasikia mkono umekuwa mwepesi, mwiko unaanza kulala pembeni wenyewe, ukiuinua uji haudondoki mabonge tena unachuruzika, dakika kama tano tu na sijaongeza hata tone la maji! Uji mwepesi wa kawaida ni kama gramu 50 za unga kwa lita, huu unaweza kufika 200 na bado mtoto anaunywa, yaani kikombe kilekile chakula mara nne.

Kosa la pili nikampa hivyo hivyo. Nesi alinigombeza na alikuwa na haki, mbegu iliyokaa mbichi imefunikwa siku tatu imefuga wadudu wa kutosha, kwa hiyo uji ukishalegea unaurudisha jikoni uchemke tena ndo unampa. Hapo amilesi inakufa lakini kazi imeshaisha, na uji haurudi kuwa mzito.

Mtakaouliza kuhusu mtama: unafaa, ila mie nabaki na ulezi. Mtama ukiota, vichipukizi vyake vina kitu ambacho haidrolesi nyingine ikikikata inatoa sumu ya sianidi, kwa hiyo ni lazima uondoe mizizi na machipukizi yote. Ni habari ileile ya mihogo michungu, kule tunaponda na kuloweka makusudi ili kimeng'enya kikutane na sumu kiikate mapema, itoke na maji na hewa kabla hatujala. Mkasi uleule, inategemea nani kaushika.

Na kimea chenyewe hakina lishe ya ajabu, msinielewe vibaya, kinafungua njia tu, bado karanga zilizosagwa, mafuta kidogo na mboga lazima. Na kama uzito umegoma miezi miwili mfululizo usikae nyumbani na kijiko, mtoto anaweza kuwa anaumwa, mpeleke akapimwe.

Wangu mstari wa kadi ulianza kupanda mwezi uliofuata, taratibu. Siku hizi kimea sitengenezi tena, mama mkwe ananitumia na basi kutoka Moshi, vifurushi viwili, kimoja kaandika "cha mtoto" kwa kalamu nyekundu, kile kikubwa hakijaandikwa kitu na baba mtoto anakipokea mwenyewe stendi.