Mgomo wa wazi nauelewa, mgomo baridi ndio unaonitisha

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza kama mtumishi wa umma anastahili haki ya kugoma, halafu ukajijibu mwenyewe: hapana, kwa sababu anayeumia ni mwananchi, mwajiri hana hasara yoyote. Ukamalizia na kisa cha faili lako lililotafutwa siku nzima bila kuonekana. Nitalirudia hilo faili.

Nimefanya kazi maabara ya hospitali ya serikali miaka 19, sita kati ya hiyo nikiwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Nimegoma mara mbili. Mara moja kwa notisi na kura, mara nyingine bila mtu yeyote kutamka neno mgomo. Naanza na hiyo ya kimyakimya kwa sababu ilitangulia, na kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha.

Enzi hizo kanuni zilitukataza kabisa kugoma. Tulikuwa tunadai posho ya zamu za usiku, malimbikizo ya miezi 14. Tuliandika barua tatu, hazikujibiwa. Tukapata kikao kimoja. Mkubwa alitoka katikati kwenda kupokea simu na hakurudi. Hatukukaa chini kupanga lolote, naapa. Ilianza tu. Kipimo kilichokuwa kinatoa majibu kwa saa moja kikaanza kutoa kwa saa nne. Mashine ikilia, yule aliyezoea kuifungua na kuisafisha mwenyewe sasa anaandika daftarini "hitilafu, fundi ameitwa" na kurudi kukaa. Ukiuliza vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, viko stoo. Stoo imefungwa, na mwenye ufunguo katoka kidogo. Ukija kukagua humshiki mtu: kitabu cha mahudhurio tumesaini wote, makoti meupe tumevaa.

Alasiri moja akaja dirishani baba mmoja na mtoto wake wa miaka kama minne. Ilikuwa mara yake ya tatu siku hiyo. Sampuli ya mtoto ilikaa muda mrefu kabla ya kuhudumiwa hadi ikaharibika, kwa hiyo ilibidi atolewe damu upya. Mtoto alivyoona sindano alificha mkono ndani ya shati la baba yake. Yule baba hakugomba. Aliniuliza kwa upole, "Kijana wangu, leo mko wachache?" Zamu ile inahitaji watu wanne. Tulikuwa sita.

Huo ndio mgomo baridi, na wetu ulidumu wiki tisa. Hakuna siku ulitangazwa kuanza wala siku ulitangazwa kuisha. Menejimenti ingetaka kuzungumza, ingezungumza na nani? Mimi katibu ningesema nini, wakati rasmi hakukuwa na mgomo? Na wagonjwa mahututi hawakuwa na kinga yoyote, kwa sababu uzembe hauna rosta.

Mara ya pili ilikuwa miaka baadaye, sheria imeshabadilika. Sasa ilitakiwa usuluhishi kwanza, kisha kura ya siri, kisha notisi, na makubaliano ya maandishi kuhusu huduma zisizosimama. Usiku wa kuamkia mgomo tulikaa na matroni na watu wa utawala hadi saa nne, tukigombana juu ya karatasi moja: nani anabaki dharura, nani wodi ya wazazi, nani benki ya damu. Benki ya damu mimi nilitaka wawili. Matroni akakataa. Akasema, "Wakija wazazi wawili wanaotoka damu kwa wakati mmoja, mmoja wenu akakimbia na chupa, huyo aliyebaki atapokea simu au atalinganisha damu?" Tukaandika watatu. (Nilinuna, lakini alikuwa sahihi, na usiku wa tano wa mgomo ulimthibitishia.)

Tuligoma siku 11. Kliniki za kawaida zilifungwa na watu walirudishwa nyumbani, sitasema uongo kwamba hakuna aliyeumia. Ila damu ya dharura ilitoka kwa muda uleule wa siku zote. Rejista ina safu ya saa ya kupokea ombi na saa ya kutoa chupa, niliipitia mwenyewe. Rejista ya zile wiki tisa sikuthubutu kuipitia hivyo.

Kwa hiyo kila nikisikia "wakatazwe tu", najua kinachokatazwa ni notisi, kura na ile karatasi ya matroni. Hasira inabaki palepale. Na si kwetu tu. Waongoza ndege wa Marekani walikatazwa na sheria ya shirikisho kugoma. Mwaka 1968 wakaanza kufuata kanuni za umbali kati ya ndege kwa ukamilifu, neno kwa neno, na safari zikajaa foleni angani. Mwaka 1970 wakapiga simu kazini kwa pamoja kwamba wanaumwa. Agosti 1981 wakagoma waziwazi, kama 13,000 hivi. Rais Reagan akawapa saa 48 kisha akafukuza zaidi ya 11,000. Wengi humsifu kwa msimamo. Mimi naona miaka 13 ya mgomo baridi ambayo katazo halikuizuia hata siku moja.

Sisemi kila mtu agome. Mwanajeshi hapana, polisi hapana. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi wa 1966 unaitambua haki ya kugoma, na papo hapo unaruhusu nchi kuwawekea mipaka wanajeshi, polisi na watumishi wa utawala wa dola. Shirika la Kazi Duniani nalo linakubali katazo kwenye huduma ambazo zikisimama zinahatarisha uhai, usalama au afya ya watu. Hicho kipimo nakikubali. Tatizo ni wanaoirefusha orodha hadi mpokea barua anakuwa "huduma muhimu" siku ya kudai, na siku ya kulipwa anakuwa mtu wa kawaida.

Na ukimnyima mtu mgomo, mpe kitu badala yake. Ujerumani wale watumishi wa kudumu, wakiwemo walimu wengi, hawaruhusiwi kugoma, na mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ililikubali katazo hilo Desemba 2023. Lakini wale wana ajira ya maisha, na katiba inailazimisha dola kuwatunza kwa kiwango kinachostahili, hadi wakaweza kuishtaki mahakamani kwa mshahara mdogo. Pasipo na hayo, basi pawe na mwamuzi huru, mwenye siku maalumu za kutoa uamuzi, na uamuzi wake uibane hazina kama unavyombana mfanyakazi. Sisi wakati ule tulikuwa na katazo tu. Mwamuzi wetu alikuwa yule aliyetoka kupokea simu.

Sasa lile faili lako. Umesema wahudumu wote walikuwepo, wamekaa, wana heshima, na kila dirisha lilikuelekeza dirisha jingine, hadi ukaambiwa mwenye ufunguo katoka. Mkuu, uliza taratibu pale wanadai nini na tangu lini.