Nyumba ya Nkuhungu kabla hujaiuza

Dada angu, umeuliza upige rangi kwanza au umwite dalali, mi nakwambia anza na makaratasi. Kama bado una zile za CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa inagawa viwanja hapa Dodoma, ilivunjwa 2017 ile, nenda ofisi ya ardhi ya jiji ujue hati yako imekaaje, lipa na kodi ya ardhi yote, maana mteja mwenye hela kamili anafanya search, yaani anaenda kuangalia hati yako ofisi ya ardhi, kabla hajakupa hata mia. Na mumeo akubali kwa maandishi, nyumba ya familia haiuzwi na mtu mmoja, sheria ya ndoa ya 1971 inasema hivyo, nimeona watu wamerudisha hela ya watu kwa hilo tu.

Rangi ndo ifuate. Vumbi letu la Dodoma unalijua, chini ya madirisha ukuta unakua mwekundu kabisa, osha, piga koti mbili. Nyufa usizifiche na rangi jamani, muite fundi azibe vizuri na mteja umwambie ukweli. Alafu simtank, tenki la maji, ijae siku wanakuja kuangalia, huku kitu cha kwanza watu wanafungua bomba.